Kuiga PDP-11 kwenye laptopu yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na vijana wa hapa Mombasa, wengi wao wanafunzi wa vyuo na mafundi wa kompyuta wa mjini, kila wanaponikuta mbele ya skrini nyeusi yenye herufi tupu, nikiendesha PDP-11, minikompyuta ya 1970, ndani ya laptopu. Nimewajibu kama mtu anayejua kutumia kompyuta ya kawaida lakini hajawahi kukutana na minikompyuta. Unaweza kurukaruka. Ila kama ni mgeni kabisa, soma hadi ufike pale tunapowasha mfumo, ndipo ufungue laptopu.

Minikompyuta ni mashine gani?

Miaka ya 1950 kompyuta ilikuwa mali ya serikali, makampuni makubwa na vyuo vikuu vichache. Ilijaza chumba kizima, ikalindwa na wahudumu wake, na mwenye kazi hakuigusa: alipeleka kadi zake dirishani akarudi baadaye kuchukua majibu. Mwaka 1957 Ken Olsen na Harlan Anderson walianzisha kampuni ya Digital Equipment Corporation, kwa kifupi DEC, ndani ya kiwanda cha zamani cha sufu huko Maynard, Massachusetts, Marekani. Mwaka 1965 DEC ilitoa PDP-8, iliyouzwa kwa takriban dola 18,000. Zilikuwa pesa nyingi, lakini maabara au kiwanda kiliweza kuzitoa, na aliyeinunua alikaa mbele yake akaongea nayo mwenyewe. Mashine za aina hiyo ndizo zilizoitwa minikompyuta.

PDP-11 ilifuata 1970. Ni ya biti 16, na ilitoka katika aina nyingi: 11/20 ndiyo ya kwanza, kisha 11/45, 11/40, 11/70 ya 1975 na nyingine ndogo zilizokuja baadaye. Inakadiriwa ziliuzwa takriban 600,000. DEC yenyewe haipo tena. Compaq iliinunua 1998.

Kwa nini nihangaike na mashine ya 1970?

Kwa sababu ni mashine ambayo mtu mmoja anaweza kuijua yote, kuanzia swichi hadi programu.

Laptopu uliyo nayo ina prosesa ambayo hakuna mtu mmoja anayeielewa kikamilifu, hata kule inakotengenezwa. Juu yake kuna mfumo endeshi wenye mamilioni ya mistari ya msimbo. Kijana wa hapa anayesomea kompyuta huipokea ikiwa imefungwa: anajifunza kubofya, anajifunza kusakinisha, akibahatika anajifunza kuandika programu juu ya tabaka kumi asizoziona. PDP-11 ina rejista 8 tu, yaani visanduku vya namba vilivyo ndani ya prosesa yenyewe. Maagizo yake yanaenea kwenye karatasi chache. Keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya Unix toleo la sita ya 1975 haifiki mistari 10,000, na mtu mwenye subira anaweza kuisoma yote katika likizo moja ya chuo. Ukishaona mara moja jinsi mfumo unavyogawa kumbukumbu, unavyobadilisha zamu za programu na unavyoandika kwenye diski, Linux iliyo kwenye seva za leo huacha kuwa fumbo. Ni mambo yaleyale, yamekua tu.

Na hii yote haihitaji pesa. Hapa ndipo ninapoisisitiza kwa vijana wetu: elimu ambayo mwaka 1975 ilihitaji chuo kikuu chenye mashine ya maelfu ya dola, leo inaingia kwenye laptopu ya mtumba.

Emuleta inafanya nini hasa? Si ndiyo VirtualBox?

Sivyo. VirtualBox inaipa Linux au Windows ya pili nafasi ya kutumia prosesa yako ileile, kwa sababu lugha ya mashine ni moja. PDP-11 inaongea lugha nyingine kabisa. Kwa hiyo emuleta ni programu ya kawaida inayobeba rejista za PDP-11 kama vigeu vyake na kumbukumbu ya PDP-11 kama safu ya namba. Inachukua agizo moja, inalitambua, inafanya kile ambacho PDP-11 ingefanya, inasogeza rejista ya R7 ambayo ndiyo inayoonyesha agizo linalofuata, kisha inarudia. Diski inakuwa faili. Tepu inakuwa faili. Terminali inakuwa dirisha lako la amri. Programu iliyo ndani haina njia rahisi ya kujua kwamba haiko Maynard.

Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM ni GB 2. Itaweza?

Itaweza na kubaki. PDP-11/40 ilimudu kumbukumbu ya kilobaiti 256 kwa wingi wake, na 11/70 megabaiti 4. Hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inatosha.

Bando litaisha?

Hapana. Diski ya RK05, iliyokuwa sahani ya inchi 14 ndani ya kasha la plastiki, ilibeba silinda 203, nyuso 2, sekta 12 kila wimbo, baiti 512 kila sekta. Zidisha upate baiti 2,494,464. Picha moja ya simu yako huenda ni nzito kuliko mfumo endeshi mzima pamoja na kompaila yake, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine.

Nitumie programu gani?

SIMH. Ziko nyingine, lakini kwa anayeanza sioni sababu ya kuzunguka. Ilianzishwa 1993 na Bob Supnik, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa DEC, ili mashine hizi zisipotee pamoja na chuma chake. Inaiga PDP-8, PDP-11, VAX, Nova ya Data General, IBM 1401 na nyingine nyingi. Tangu 2022 kuna tawi linaloitwa Open SIMH, lenye leseni huru, na ndilo ninalopendekeza.

Kwenye Linux, pakua msimbo wake, ingia kwenye saraka yake uandike `make pdp11`. Debian na Ubuntu pia zina kifurushi cha `simh`, ingawa huwa cha toleo la nyuma. Kwa Windows kuna faili zilizokwisha kuandaliwa.

Je, ni halali, au ni uharamia?

Kwa Unix za zamani ni halali kabisa. Januari 2002 kampuni ya Caldera, iliyokuwa imerithi haki za Unix, iliachilia matoleo ya kwanza hadi la saba kwa leseni ya mtindo wa BSD. Faili zake zinahifadhiwa na The Unix Heritage Society, jumuiya iliyoanzishwa na Warren Toomey, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua.

Mifumo ya DEC yenyewe, kama RT-11, RSX-11 na RSTS/E, ina masharti mengine. Soma leseni inayokuja na faili kabla ya kuitumia, hasa ukitaka kuifanyia biashara.

Nianze na mfumo gani?

Unix toleo la sita, ambalo wengi huliita V6. Toleo la saba la 1979 ni zuri zaidi kwa matumizi na litakuwa jepesi kwa anayejua Linux, lakini V6 ndilo unaloweza kulisoma lote.

Jambo moja la kuangalia: V7 inahitaji 11/45 au 11/70, mashine zinazotenga nafasi ya maagizo na nafasi ya data. Ukiweka `set cpu 11/40` kisha ujaribu kuwasha V7, haitaamka, na utamaliza jioni nzima ukidhani faili imeharibika.

Nipe hatua za kuwasha V6.

Tuseme faili yako ya diski inaitwa `v6.dsk`. Fungua kihariri chochote, andika mistari hii, uihifadhi kwa jina `v6.ini`:

```
set cpu 11/40
set cpu idle
set tto 7b
attach rk0 v6.dsk
boot rk0
```

Kisha andika `pdp11 v6.ini`. Itatokea alama moja tu, `@`. Hiyo ni programu ndogo ya kuwashia iliyo kwenye sekta ya kwanza ya diski, nayo inakuuliza jina la keneli. Andika `unix`, bonyeza Enter. Ikitokea `login:` andika `root`, jina la msimamizi wa mfumo.

Andika kwa herufi ndogo! Terminali za wakati ule, kama Teletype Model 33, zilikuwa na herufi kubwa peke yake. Ukiingia na `ROOT` huku Caps Lock imewaka, mfumo utaamini umekaa mbele ya terminali kama hiyo na utakujibu kwa herufi kubwa. Amri ya kurekebisha ni `stty -lcase`.

Mstari wa `set tto 7b` unaiambia SIMH itoe biti 7 kwa kila herufi. Ukiuacha, huenda ukaona takataka badala ya maneno, kwa sababu V6 hutumia biti ya nane kwa kazi ya ukaguzi.

Nikikosea, Backspace haifuti. Kibodi imeharibika?

Kibodi ni nzima. Teletype ilichapa kwenye karatasi, na wino ukishagonga karatasi hauondoki. Kwa hiyo V6 ilichagua alama mbili: `#` inafuta herufi moja iliyotangulia, na `@` inafuta mstari mzima. Ukiandika `lx#s`, mfumo unasoma `ls`. Kwenye skrini herufi zote nne zitabaki zinaonekana. Ni sawa, uzoee.

Ukitaka `#` yenyewe, mathalani kwa `#define` ya C, tanguliza mkwaju wa nyuma: `\#define`.

Na kuna hili linalowachanganya wengi. Kwenye terminali nyingi za Linux, kitufe cha Backspace hutuma herufi namba 127, na katika V6 herufi hiyo ndiyo ya kusimamisha programu. Kwa hiyo unabonyeza ukitaka kufuta, programu inakufa. Ctrl-C, kwa upande wake, haifanyi lolote. Ukilijua hilo mapema utaokoa hasira nyingi.

Mbona `cd` haipo?

Amri ya kuhamia saraka nyingine kwenye V6 ni `chdir`. `cd` ilikuja na V7.

Hakuna nano wala vi. Nitaandikaje programu?

Kwa `ed`, kihariri cha V6 kinachofanya kazi mstari kwa mstari. Tuandike programu moja pamoja, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa bila sababu.

```
ed jambo.c
?
a
main()
{
	printf("Habari za Mombasa\n");
}
.
w
43
q
```

Ile `?` ya kwanza inasema faili haipo bado, usiogope. `a` inaanza kuongeza mistari. Nukta iliyo peke yake kwenye mstari inamaliza kuongeza. `w` inahifadhi, na mfumo unajibu kwa idadi ya baiti: ukiweka Tab moja mbele ya `printf` kama mimi, ni 43 barabara. Ukipata namba nyingine, ujue kuna herufi imezidi au imepungua hata kama huioni. `q` inatoka.

Sasa `cc jambo.c`, kisha `a.out`. Huhitaji `./` mbele, kwa kuwa V6 hutafuta kwanza kwenye saraka uliyomo.

Nini kimefanyika hapo? Umetumia kompaila ya C iliyoandikwa na Dennis Ritchie, kwenye mashine ambayo lugha ya C ilikulia. Unix ilianza 1969 kwenye PDP-7, ikahamia PDP-11, na 1973 keneli yake ikaandikwa upya kwa C. Ndiyo maana C na PDP-11 zinafanana sana tabia. Anwani ni namba unayoweza kuijumlisha, na herufi ni baiti tu.

Angalia tofauti chache. Kwenye V6, kuongeza kunaandikwa `x =+ 2`, alama ya sawasawa ikitangulia. Matokeo yake ni kwamba `x=-1` bila nafasi maana yake ni kupunguza moja kutoka x! Weka nafasi: `x = -1`. Mkanganyiko huu ndio uliofanya alama zigeuzwe baadaye kuwa `+=` na `-=` tulizozizoea.

Kwa nini namba zote hazina 8 wala 9?

Kwa sababu DEC ilihesabu kwa msingi wa nane. Agizo la PDP-11 hugawanyika vizuri katika vikundi vya biti tatu: tatu za rejista, tatu za namna ya kuitumia, na kadhalika. Mtu aliyezoea anasoma agizo kwa macho bila kitabu.

Swali hili linastahili mfano, nao ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mashine za mwanzo hazikujua kujiwasha. Aliyekuwa zamu alisimama mbele ya paneli akaingiza programu ndogo ya kuwashia kwa swichi, neno kwa neno, kisha akaiambia ianze. Hii ndiyo ya diski ya RK05, maneno 9 tu:

```
1000  012700
1002  177412
1004  005040
1006  010040
1010  012740
1012  000005
1014  105710
1016  002376
1020  005007
```

Tazama safu ya kushoto: baada ya 1006 inakuja 1010. Kila neno ni baiti mbili, kwa hiyo anwani zinaruka kwa mbili.

Maneno mawili ya kwanza yanaweka namba 177412 ndani ya R0. Hiyo ni anwani ya rejista ya mwisho tunayoihitaji kwenye kidhibiti cha diski. PDP-11 haina maagizo maalumu ya kuongea na vifaa, kila kifaa kinaonekana kama sehemu ya kumbukumbu. Agizo la 005040 linarudisha R0 nyuma kwa neno moja na kuandika sifuri pale inapofika, yaani 177410. Maana yake ni kwamba data ipelekwe kuanzia anwani 0. Agizo la 010040 linarudi nyuma tena na kuandika R0 yenyewe mahali pa hesabu ya maneno. Hapa kuna ujanja wa kupendeza: kidhibiti husoma hesabu hiyo kama namba hasi, na 177410 ikisomwa hivyo ni 248 hasi, karibu sekta nzima. Aliyebuni programu hii alitumia namba iliyokuwa tayari mkononi, akaokoa neno moja la kubonyeza kwa vidole. Kisha 012740 na 000005 vinarudi nyuma mara ya mwisho na kuandika 5 kwenye rejista ya amri: soma, na anza sasa. Agizo la 105710 linatazama kama diski imemaliza, 002376 linarudi kutazama tena kama bado, na 005007 linaweka sifuri ndani ya R7. Mashine inaruka kwenda anwani 0, ambako sasa kuna sekta ya kwanza ya diski.

Ijaribu mwenyewe. Kwenye `sim>`, pale SIMH inaposubiri amri zako, baada ya `set cpu` na `attach`, usiandike `boot`. Andika `d 1000 012700`, `d 1002 177412`, uendelee hivyo mpaka 1020, halafu `go 1000`. Ukiona ile `@`, umeiwasha PDP-11 kwa mkono wako. Amri ya `e -m 1000-1020` itakuonyesha maneno hayohayo kama maagizo yanayosomeka.

Itakwenda polepole kama zamani?

Itakwenda kasi kuliko mashine halisi, mara nyingi zaidi. Ukitaka kuonja mwendo wa zamani, `set throttle 1M` inaizuia kwenye maagizo milioni moja kwa sekunde.

Feni inalia na laptopu imechemka kama jiko.

Umesahau `set cpu idle`. Bila mstari huo, emuleta huendelea kuzungusha prosesa hata kama V6 imekaa kimya inasubiri uandike. Kwa joto letu la Februari na unyevu huu wa pwani, laptopu ya mtumba yenye feni iliyojaa vumbi haitavumilia. Ukiweka mstari huo, matumizi ya prosesa hushuka karibu na sifuri mfumo unapopumzika.

Stima ikipotea nitapoteza kazi yangu?

Unaweza. V6 huweka mambo kwenye kumbukumbu kwanza, ikaandika diski baadaye. Mfumo ukikatika katikati, orodha ya sehemu tupu za diski inaweza kupingana na faili zilizopo, na V6 haijirekebishi yenyewe kama Linux.

Kabla ya kufunga, andika `sync`, na si vibaya ukairudia. Kisha Ctrl-E ikurudishe kwenye `sim>`, na `quit`. Kumbuka Ctrl-E haizimi kitu, inasimamisha tu. `Cont` inaendeleza pale ulipoachia. Ukishatoka, nakili `v6.dsk` kwa jina lenye tarehe ya siku hiyo. Kwa faili ya megabaiti mbili na nusu hakuna kisingizio cha kukosa nakala. Flashi ndogo kabisa itabeba mamia. Mimi sigusi keneli kabla ya kunakili diski.

Tarehe inayoonekana si ya leo.

V6 haisomi saa ya laptopu. Huanza na wakati ulioandikwa kwenye diski ilipoachwa mara ya mwisho. Sahihisha kwa amri ya `date`, au iache tu. Haidhuru chochote unapojifunza.

Tunaweza kuingia watu wengi kwa pamoja?

Ndiyo, na nawasihi mfanye hivyo. Minikompyuta haikuwa ya mtu mmoja. Terminali nyingi ziliunganishwa kwenye mashine moja, na kila aliyekaa alihisi ni yake. SIMH huiga jambo hilo kwa mtandao: kwa V7, kwa mfano, `set dz lines=8` kisha `attach dz 2323` inafungua njia 8, na wenzako wanaingia kwa Telnet, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mtandao, kupitia anwani ya laptopu yako, namba 2323. Keneli lazima iwe imejengwa ikikijua kifaa cha DZ, kinachounganisha terminali hizo, basi chagua faili ya diski iliyoandaliwa hivyo au ujenge keneli yako.

Hotspoti ya simu inatosha, na haitumii bando kwa kuwa data haitoki nje. Kaeni wanne au watano, mmoja awe `root`, mwingine aandikie wenzake kwa `write`, mtazame kwa `ps` jinsi mashine inavyogawa zamu. Nimeona wanafunzi wakielewa mambo ya michakato kwa jioni moja kama hiyo, baada ya kuyakariri muhula mzima bila kuyaona.

Telnet haifichi chochote, hata nenosiri. Usifungue njia hiyo kwenye intaneti.

Nataka taa na swichi za kweli.

Oscar Vermeulen ametengeneza PiDP-11, kifaa cha kujiunganishia mwenyewe chenye paneli ya 11/70 iliyopunguzwa. Nyuma yake hukaa Raspberry Pi inayoendesha SIMH, taa zikionyesha anwani na data kadiri programu inavyokwenda. Ni kizuri mno. Utahitaji kujua kulehemu, na upige hesabu ya usafiri na ushuru kabla ya kuagiza.

Na nikitafuta mashine halisi?

Sikushauri, kwa hapa kwetu. Hewa ya bahari inakula viunganishi. Kichwa cha RK05 huelea juu ya sahani kwa mwanya mdogo kiasi kwamba chembe ya vumbi inatosha kuiharibu diski. Nyingi zilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, na sisi tunatumia 240. Mashine ya namna hiyo inataka chumba chenye ubaridi na ukavu mwaka mzima pamoja na fundi wa kudumu.

Nimezoea V6. Niende wapi sasa?

Njia ni nyingi. V7 ni hatua ya karibu, na Unix za leo zinashuka kutoka kwake. RT-11 itakuonyesha mfumo mdogo wa mtu mmoja, tofauti kabisa kwa fikra. PDP-8 ina aina 8 tu za maagizo ya msingi, na ni zoezi zuri kwa anayetaka kuandika emuleta yake mwenyewe. Anza na hiyo kabla ya kujaribu PDP-11. VAX ya 1977 inafungua mlango wa biti 32.

Lakini ukiniuliza mimi, baki na V6 kidogo uifungue. Msimbo wa keneli uko `/usr/sys`, kwenye saraka mbili: `ken`, ya Ken Thompson, na `dmr`, ya Dennis Ritchie, wabunifu wawili wa Unix. Anza na `dmr/rk.c`, programu inayoendesha ile diski ya RK05. Ni fupi. Utakuta anwani 0177400 ambako rejista za diski zinaanzia, na utakuta namba 4872, ambayo ni 203 mara 2 mara 12. Fuata jinsi ombi la kusoma linavyopangwa foleni, diski inavyoamriwa, na nini kinafanyika ikishamaliza. Kisha badilisha kitu kidogo, mathalani ichapishe ujumbe kila inaposhindwa kusoma, ujenge keneli upya, uipe jina jipya kama `unix2`, na kwenye `@` uandike jina hilo. Ikigoma kuamka, `unix` ya zamani bado iko palepale kwenye diski.